Taa bapa zisizo na zebaki nyuma ya skrini za LCD: zilivyofanya kazi, na kwa nini LED ndizo zilizotawala

NuruBapa (mleta mada)

Ndugu wasomaji, mijadala mingi kuhusu skrini huishia kwenye rangi, ukubwa na wembamba, huku taa iliyo nyuma ya skrini ikipitwa kana kwamba haipo. Uzi huu ni wa taa hiyo, na hasa wa aina moja ambayo ninaamini haijapewa heshima inayostahili: taa bapa ya gesi isiyo na zebaki hata chembe, iliyobuniwa ili ikae nyuma ya skrini ya LCD ikiwa bamba moja la kioo linalong'aa uso mzima.

Nianze na hitaji lenyewe. Skrini ya LCD haitoi mwanga. Fuwele zake oevu hufungua na kufunga njia ya mwanga unaotoka nyuma, na katika kupita huko mwanga hukutana na karatasi mbili za polaraiza, vichujio vya rangi na nyaya nyembamba zinazoendesha kila nukta, kiasi kwamba sehemu inayolifikia jicho la mtazamaji kwa kawaida haizidi moja ya kumi ya mwanga uliotoka kwenye taa. Kwa hiyo anayetaka skrini yenye mng'ao wa kandela 500 kwa mita mraba lazima aweke nyuma yake chanzo chenye kandela 5,000 au zaidi kwa mita mraba. Zaidi ya hapo, mng'ao huo lazima uwe sawasawa kutoka kona hadi kona, maana jicho hugundua doa jeusi upesi kuliko linavyogundua kwamba skrini nzima imefifia kidogo.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na taa za CCFL, yaani mirija ya kioo yenye kipenyo cha milimita chache, iliyo na katodi baridi ndani ya kila ncha. Ndani ya mrija mna neoni na argoni, pamoja na miligramu chache za zebaki. Mvuke wa zebaki ni sehemu ndogo mno ya gesi yote, lakini ndio unaofanya karibu kazi yote ya mwanga. Atomu ya zebaki husisimka kwa nishati ya elektronivolti 4.9 tu, ilhali neoni inahitaji zaidi ya 16, kwa hiyo elektroni zinazokimbia ndani ya mrija huiachia zebaki nishati yao kabla hazijapata nguvu ya kuigusa neoni. Zebaki nayo huitoa nishati hiyo ikiwa miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, na poda ya fosfa iliyopakwa ndani ya kioo huibadili kuwa mwanga unaoonekana. Ni mpango mzuri kweli, na yeyote anayezungumzia kuiondoa zebaki lazima kwanza akubali jinsi ilivyokuwa ikiifanya kazi yake kwa urahisi na kwa gharama ndogo.

Ubaya wake nao unajulikana. Zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu, huvukiza katika joto la kawaida la chumba, na ikifika majini vijidudu huigeuza kuwa methilizebaki inayojikusanya katika samaki na hatimaye katika miili ya walao samaki hao. Ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 katika mji wa Minamata, Japani, ulitokana na methilizebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha kemikali, na mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo. Mkataba wa Minamata ulipitishwa Oktoba 2013 na ukaanza kutumika Agosti 2017. Hapo mwanzo uliziwekea taa za CCFL za skrini ukomo wa kiasi cha zebaki, kwa mfano miligramu 3.5 kwa mrija usiozidi milimita 500. Kisha katika mkutano uliofanyika Bali mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba taa hizo, za urefu wowote, zisitengenezwe wala kuuzwa baina ya nchi baada ya 2025. Kabla ya hapo Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuizuia zebaki katika vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, ila taa hizi zilipewa msamaha kwa kuwa wakati huo hapakuwa na mbadala ulioweza kuzibeba skrini zote.

Mbadala huo ndio watafiti walioutafuta, na jibu lililokuwa karibu zaidi na taa ya zamani lilikuwa zenoni.

Zenoni ni gesi adimu iliyogunduliwa mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers. Haina sumu, haiungani na vitu vingine kwa urahisi, na haihitaji kuvukizwa kwanza, kwa kuwa tayari ni gesi hata katika baridi kali. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kanieneo ya mvuke wa zebaki hubadilika sana kwa joto: katika nyuzi 20 za Selsiasi ni takriban paskali 0.16, lakini katika nyuzi 0 hushuka hadi karibu moja ya sita ya kiasi hicho. Ndiyo sababu skrini yenye CCFL ikiwashwa mahali penye baridi huanza ikiwa imefifia, kisha hupata mng'ao wake taratibu kadiri mrija unavyopata joto. Taa ya zenoni huwaka kwa nguvu zake zote tangu mara ya kwanza. Kwa dashibodi ya gari, chumba cha rubani au kifaa cha hospitali kinachotakiwa kusomeka papo hapo, tofauti hiyo si jambo la starehe.

Umbo lake pia ni jema. Badala ya mirija kadhaa iliyopangwa sambamba, au mrija mmoja ukingoni ukisaidiwa na bamba la kuongoza mwanga, taa bapa ni vioo viwili vilivyounganishwa kingo zake, vimepakwa fosfa kwa ndani, na katikati yake mna gesi. Mwanga huzaliwa uso mzima, kwa hiyo kazi ya kuusambaza inakuwa imekwisha kufanyika kwa sehemu kubwa kabla haujafika kwenye karatasi za kutawanya.

Naukaribisha mjadala. Yako mambo magumu hapa, hasa jinsi ya kuiwasha gesi hiyo, ambayo yatakuwa mazuri zaidi yakiulizwa.

KiooSafi

Mleta mada, ahsante kwa maelezo yenye kina. Naomba niulize jambo ambalo limenisumbua tangu nilipofika kwenye aya ya zenoni. Iwapo zenoni ni salama na ni gesi tayari, kilichozuia ni nini kuijaza tu ndani ya mrija uleule wa CCFL, kwa katodi zilezile na inverta ileile (saketi inayoipa taa volteji kubwa), na kuachana na zebaki siku hiyohiyo? Kwa nini ilibidi kubuni taa mpya kabisa?

NuruBapa

Ndugu KiooSafi, swali lako ndilo kiini cha uzi huu, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Mrija wa CCFL uliojazwa zenoni utawaka, lakini vibaya. Zenoni hutoa urujuanimno kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni atomu moja moja iliyosisimka, ambayo hutoa mwale wa nanomita 147. Mwale huo una kasoro: atomu nyingine ya zenoni iliyo jirani, ambayo haijasisimka, huumeza tena upesi, kisha huutoa, kisha nyingine huumeza, na katika kupokezana huko nishati nyingi hupotea kabla haijafika kwenye fosfa. Njia ya pili ni nzuri zaidi. Atomu iliyosisimka hukutana na atomu nyingine ya zenoni, huku chembe ya tatu ikiwa karibu ili kuichukua nishati ya ziada, na hizo mbili hushikana kwa muda mfupi sana zikawa molekuli iitwayo eksima. Eksima hiyo huishi pale tu inapokuwa imesisimka; ikishaitoa nishati yake kama mwale wenye kilele karibu na nanomita 172, atomu zake hutengana zikaenda kila moja njia yake. Kwa kuwa zenoni isiyosisimka haimo katika hali ya molekuli hiyo, hakuna kitu ndani ya gesi kinachoweza kuumeza mwale wa 172, nao hufika kwenye fosfa ukiwa mzima. Nikiri kwamba kwangu hili ni mojawapo ya mambo yanayopendeza zaidi katika fizikia ya taa.

Lakini eksima inahitaji chembe tatu zikutane kwa wakati mmoja, na hilo hutokea mara nyingi pale tu gesi inapokuwa nzito vya kutosha, kwa kanieneo ya takriban sehemu moja ya kumi ya angahewa au zaidi. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Katika kanieneo hiyo umeme hautaki kuenea. Ukiupitisha mkondo wa mfululizo, hujikusanya katika uzi mmoja mwembamba na wenye joto kali, kama maji ya mvua yanavyochimba mfereji mmoja na kuacha ardhi iliyobaki kavu. Ndani ya uzi huo elektroni ni nyingi kupita kiasi: huzisisimua zaidi atomu ambazo zilikuwa zimekwisha kusisimka, huzivunja eksima kabla hazijatoa mwale, na nishati huishia kuwa joto. Taa huonekana kama mstari wa rangi hafifu katikati ya kioo cheusi.

Dawa yake ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya zamani sana: mwaka 1857 Werner von Siemens alitengeneza kifaa cha kuzalisha ozoni ambamo kioo kilitenganisha elektrodi na gesi. Kihami kikikaa kati ya elektrodi na gesi, mkondo hauwezi kuendelea bila kikomo, kwa sababu chaji hujikusanya juu ya kihami na kuupinga uga wa umeme ulioizalisha, na umeme ndani ya gesi hujizima wenyewe baada ya muda mfupi mno. Ya pili ilikuja katika miaka ya 1990 kutoka kampuni ya Osram ya Ujerumani, ambako wahandisi wakiwemo Frank Vollkommer na Lothar Hitzschke walionyesha kwamba kuiendesha taa ya namna hiyo kwa mapigo mafupi ya volteji, kisha kuiacha ipumzike kati ya pigo na pigo, hubadili kabisa tabia ya gesi. Pigo huzipa elektroni nishati inayotosha kuisisimua zenoni, kisha volteji huondolewa kabla uzi mwembamba haujapata nafasi ya kujijenga. Katika kipindi cha mapumziko, ambacho ni kirefu kuliko pigo lenyewe, eksima huundwa na kutoa miale yake kwa utulivu. Mzunguko huo hurudiwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde.

Ukiitazama taa ya mapigo hayo bila karatasi za kutawanya, huoni nyuzi bali safu za pembetatu ndogo zilizofifia kingo zake, kila moja ikiwa na ncha kwenye mstari wa katodi na ikipanuka kuelekea mstari wa anodi, nazo hukaa zimetulia mahali pake bila kuchezacheza. Ukiongeza umeme, pembetatu huongezeka idadi hadi uso wote ujae. Osram iliiuza taa bapa ya aina hiyo kwa jina la Planon.

Sasa unaona kwa nini inverta ya zamani isingefaa. Inverta ya CCFL hutoa wimbi laini la masafa ya makumi ya kilohezi. Taa ya zenoni inadai mapigo yenye kingo kali ya zaidi ya kilovolti moja, yanayotolewa na saketi inayolazimika pia kuirudisha nishati iliyobaki kwenye kihami, la sivyo inapotea bure kila mara. Kwa maneno mengine, kazi ambayo zebaki ilikuwa ikiifanya kimyakimya kwa sababu ya maumbile yake ilihamishiwa kwenye saketi, na saketi hugharimu fedha.

MwanafunziFizikia

Ndugu NuruBapa, nimefuatilia kwa makini na ninapenda kuleta hoja ya hesabu. Mwale wa nanomita 254 una elektronivolti 4.9, na wa nanomita 172 una takriban 7.2. Mwanga wa kijani una kama elektronivolti 2.25. Iwapo kila mwale wa urujuanimno huzaa mwale mmoja tu unaoonekana, basi katika taa ya zebaki asilimia 46 ya nishati huvuka hatua ya fosfa, na katika taa ya zenoni ni asilimia 31 tu. Je, taa ya zenoni haikuwa imeshindwa tangu kwenye karatasi, hata kabla ya kuwashwa?

NuruBapa

Hesabu yako ni sahihi, na ninafurahi umeileta kwa tarakimu. Hata hivyo neno kushindwa ni zito mno. Upande wa gesi, eksima ikiendeshwa kwa mapigo mazuri hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa urujuanimno, kubwa kuliko mtu angetarajia kwa gesi adimu. Hasara inaanzia kwenye fosfa, kama ulivyoonyesha, na hakuna ufundi wa saketi unaoweza kuirudisha. Taa bapa za zenoni zilibaki nyuma ya CCFL katika idadi ya lumeni kwa kila wati, yaani kiasi cha mwanga kwa kila kiasi cha umeme, na yeyote aliyezitetea alilazimika kulikubali hilo wazi.

Palikuwapo tumaini moja ambalo bado ninaliona kuwa la haki. Mwale wa elektronivolti 7.2 una nishati inayotosha kuzaa miale miwili inayoonekana, na chenji ikabaki. Mwaka 1999 kikundi cha watafiti wa Utrecht, Uholanzi, akiwemo Andries Meijerink, kilichapisha katika jarida la Science kazi kuhusu fuwele ya lithiamu, gadolini na floridi iliyotiwa europi, ambayo iliumeza mwale mmoja wa urujuanimno na kutoa karibu miale miwili myekundu. Wanafizikia walisisimka, kwa sababu hesabu yako ya asilimia 31 ingepindukia 60. Kikwazo kikawa kwamba gadolini katika fuwele hiyo huimeza miale ya aina hiyo kwa udhaifu mno, hivyo sehemu kubwa ya urujuanimno isingenaswa kabisa. Kuwa na poda inayokata mwale mmoja kuwa miwili hakusaidii iwapo mwale wenyewe hauingii ndani ya poda.

Kwa hiyo watengenezaji wa taa bapa walibaki na fosfa zilezile zilizotumiwa katika televisheni za plazma, maana nazo huendeshwa na zenoni: fosfa ya bluu yenye bari, magnesi na alumini iliyotiwa europi, ya kijani iliyotiwa manganizi au terbi, na nyekundu ya borati ya itri na gadolini. Ile ya bluu ndiyo iliyokuwa mgonjwa wa familia hiyo. Urujuanimno mkali wa zenoni huichakaza kuliko unavyozichakaza nyingine, na inapopungua nguvu, weupe wa skrini huanza kuelekea unjano. Wengi waliotumia televisheni za plazma kwa muda mrefu waliliona jambo hilo bila kujua chanzo chake.

FundiSkrini

Habari za kazi wote. Mimi hufungua skrini na kuzitengeneza, kwa hiyo nizungumze kwa upande wa mikono. CCFL iliyochoka huitambua kabla ya kupima chochote: ncha za mrija huwa nyeusi kwa ndani, skrini huwaka kwa rangi ya waridi kwa dakika za mwanzo, na mara nyingine inverta hujizima kwa sababu mrija unadai volteji kuliko ilivyopangiwa. Nina maswali mawili. Kwanza, je, taa bapa ya zenoni nayo hupatwa na weusi huo? Pili, ninazo skrini zenye mirija ambayo elektrodi zake ziko nje ya kioo, kama kofia za chuma zilizovishwa ncha mbili. Je, hizo ni za zenoni, kwa maana kwamba hazina zebaki?

NuruBapa

Fundi, karibu sana. Maelezo yako ya mrija unaochoka ni sahihi, na sababu yake inalijibu swali lako la kwanza. Ndani ya CCFL elektrodi za chuma zinagusana na gesi. Ioni huzipiga bila kukoma, atomu za chuma hung'oka na kutua kwenye kioo kilicho jirani, na hapo ndipo weusi unapotoka. Chuma hicho kilichong'oka hunasa zebaki pia, kiasi kwamba kadiri mrija unavyozeeka, zebaki iliyo huru hupungua. Ule uwaridi unaouona mwanzoni ni neoni ikijitokeza kwa sababu mvuke wa zebaki bado hautoshi. Katika taa bapa ya zenoni elektrodi zimefunikwa na kihami, au zimewekwa nje ya kioo kabisa, kwa hiyo hakuna chuma kinachopigwa, hakuna weusi wa ncha, na hakuna kitu cha kunaswa. Uhai wake ulihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya saa, na kilichouwekea mpaka kilikuwa hasa fosfa.

Swali la pili linahitaji tahadhari. Mirija yenye elektrodi nje huitwa EEFL, na hiyo ina zebaki kama CCFL. Kilichobadilika ni mahali pa elektrodi tu, ili mirija mingi iendeshwe sambamba na inverta moja. Mkataba wa Minamata umezitaja EEFL pamoja na CCFL katika marufuku ileile. Vilevile si kila taa bapa ni salama, kwa kuwa palikuwapo taa bapa zilizojazwa zebaki pia. Umbo halikuambii kilichomo ndani. Kama skrini ni ya LCD ya zamani na haina maandishi yanayoonyesha kwamba inatumia LED, ichukulie kuwa ina zebaki hadi utakapothibitisha vinginevyo.

Na kwa kuwa kazi yako ni ya kila siku, tafadhali zingatia haya. Mrija ukivunjika, toka na uwatoe wengine, fungua madirisha, uache hewa ipite kwa angalau dakika kumi kabla ya kurudi. Usitumie kifyonzavumbi, kwa sababu hupasha joto na kupuliza mvuke wa zebaki chumba kizima. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, maliza vumbi kwa utepe wa gundi, viweke vyote katika chupa yenye kifuniko kinachobana, na usichanganye na taka za kawaida wala kuchoma. Mrija mmoja una zebaki kidogo, lakini anayevunja mirija kila wiki katika chumba kimoja kilichofungwa hujilimbikizia sumu bila kuisikia harufu.

FundiSkrini

Ahsante sana, ndugu. Hilo la kifyonzavumbi wengi wetu hatukulijua. Naomba nyongeza kuhusu kioo chenyewe: kwa nini taa bapa kubwa hazikuonekana kwa wingi? Hata za inchi 32 sijapata kuziona za zenoni.

NuruBapa

Kioo ndicho adui ambaye hakutajwa sana kwenye vitabu vya fizikia. Nimesema gesi iliyo ndani ina kanieneo ya kama sehemu moja ya kumi ya angahewa. Hewa ya nje basi inaubana uso wa taa kwa tofauti ya takriban kilopaskali 90. Katika taa ya inchi 15, yenye eneo la takriban mita mraba 0.07, msukumo huo ni sawa na uzito wa zaidi ya kilo 600 juu ya kioo. Ukienda inchi 32 kwa skrini pana, eneo hukaribia mita mraba 0.28 na mzigo hupita tani 2. Mrija wa mviringo huubeba mzigo wa namna hiyo bila shida kwa sababu ya umbo lake, lakini kioo bapa hupinda.

Njia ya kwanza ya kulikabili hilo ni kukinenepesha kioo, na hapo wembamba wote uliotafutwa hupotea na uzito huongezeka. Njia ya pili ni kupanga nguzo ndogo ndani, kila baada ya sentimita chache, ili kioo cha mbele kiegemee cha nyuma. Kila nguzo ni mahali pasipo na mwanga. Ili kivuli chake kisionekane lazima karatasi za kutawanya ziwekwe mbali kidogo na taa, au nguzo zenyewe zipakwe fosfa, au ziumbwe zikiwa na ncha nyembamba sana inayogusa kioo cha mbele. Njia ya tatu ni kukifinyanga kioo cha mbele kwa joto ili kiwe na matuta na mifereji, kila mfereji ukiwa nusu ya mrija, na taa nzima ikawa kama mirija mingi iliyoungana ubavu kwa ubavu. Njia hiyo ilikuwa imara zaidi, ila matuta nayo huonekana yasipofichwa.

Ongeza hapo uwezo wa umeme wa uso wote. Elektrodi zilizoenea juu ya kioo kikubwa ni kapasita kubwa, na kuipiga kapasita hiyo kwa kilovolti makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde huzalisha mawimbi ya redio yanayosumbua saketi za skrini iliyo milimita chache mbele yake. Kuna jingine dogo ambalo huwa halitajwi: zenoni hutoa pia miale ya infraredi kwenye nanomita 823 na 828, na ndiyo maana televisheni za plazma ziliwekewa kichujio, ili miale hiyo isikivuruge kipokezi cha rimoti.

Taa ndogo na za wastani ziliyavumilia yote hayo. Taa kubwa ilikuwa kazi nyingine kabisa.

KiooSafi

Kwa hiyo LED zikaja na kulimaliza suala lote. Je, si haki kusema kwamba taa bapa ya zenoni ilikuwa njia iliyokufa?

NuruBapa

Kwamba LED zilichukua nafasi nyuma ya skrini ni kweli tupu, na kwa upande wa zebaki ninashukuru zilifanya hivyo. Shuji Nakamura alipoonyesha LED ya bluu yenye mng'ao mkubwa mwaka 1993, na LED nyeupe ikafuata miaka michache baadaye, taa za nyuma zilipata chanzo kinachoendeshwa kwa volteji ndogo, kisichohitaji kioo kisichovuja, wala mapigo ya kilovolti. Sony ilileta televisheni ya LCD yenye LED za rangi tatu mwaka 2004, ghali sana kwa wakati wake. Kufikia 2009 LED nyeupe zilizopangwa ukingoni zilikuwa zimeanza kuingia katika televisheni nyembamba za kawaida, na miaka michache baadaye CCFL ilikuwa imetoka karibu kila mahali. Kila mwaka LED ilipata lumeni zaidi kwa wati na bei ikashuka, ilhali zenoni ilikuwa imefungwa na hesabu ile ya asilimia 31 aliyoileta MwanafunziFizikia. Zenoni yenyewe hupatikana kwa kuchujwa kutoka hewani, ambamo ni chini ya sehemu moja kwa kila milioni 10, kwa hiyo haikutazamiwa kuwa rahisi.

Palikuwapo pia njia nyingine zisizo na zebaki zilizojaribiwa katika kipindi hicho. Karatasi za elektroluminesensi, zenye poda ya salfidi ya zinki inayong'aa ikipewa umeme, ni nyembamba ajabu na hutumika nyuma ya vioo vidogo vya saa na vipimo, lakini mng'ao wake hauwezi kubeba skrini ya rangi. Taa zilizotumia nanotyubu za kaboni kurusha elektroni kwenye fosfa zilidai ombwe safi ndani ya kioo bapa, yaani mzigo uleule wa angahewa tena bila gesi ya kuupunguza. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, Gary Eden na Sung-Jin Park walitengeneza mabamba yenye matundu madogo mno, kila tundu likiwa na plazma yake, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa jibu la busara kuliko mengine kwa tatizo la kioo, kwa kuwa kuta za matundu ndizo nguzo.

Ila sikubali kwamba njia ile ilikufa. Ujuzi wa kuiendesha eksima kwa kihami na kwa mapigo haukupotea, ulihamia mahali ambapo urujuanimno wenyewe ndio unaotakiwa, na hapo hesabu ya fosfa haina nafasi tena. Taa za zenoni za nanomita 172 husafisha vioo katika viwanda vya skrini za LCD: mwale wake huvunja uchafu wa kikaboni juu ya kioo na kuigeuza oksijeni ya hewani kuwa ozoni inayoukamilisha usafi huo, bila maji wala kemikali. Ukibadili gesi na kuweka mchanganyiko wa kriptoni na klorini, unapata nanomita 222, mwale unaoua vijidudu, na taa bapa za aina hiyo zinatengenezwa. Kwa kazi hizo zote mbili, taa iliyozoeleka kabla yake ilikuwa ya zebaki.

MwanafunziFizikia

Nyongeza moja kuhusu LED, ili tusidhani kwamba kuondoka kwa zebaki kumeondoa kila sumu. Baadhi ya skrini zenye nukta za kwanta, yaani chembe ndogo mno zinazoubadili mwanga wa LED kuwa rangi nyingine, hutumia kadimi ili kupata rangi nyekundu na kijani zilizo safi, na sheria ya Ulaya huibana kadimi kuliko zebaki: ukomo wake ni asilimia 0.01 ya uzito wa kila nyenzo, wakati wa zebaki ni asilimia 0.1.

NuruBapa

Ni kweli, na ni vyema umelitaja. Zipo nukta za kwanta zinazotengenezwa kwa indi na fosforasi badala ya kadimi, na skrini nyingi zimekwisha kuhamia huko. Anayenunua kwa wingi kwa ajili ya ofisi au shule aulize jambo hilo kwa maandishi, pamoja na swali la skrini za zamani anazozitoa zitapelekwa wapi, kwa kuwa mirija ya CCFL iliyomo ndani ya skrini hizo bado ina zebaki yake.